Taiming ya gari za zamani haiwekwi kwa sikio

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi kwa ukurasa wa barua niseme jambo moja ambalo linaniuma sana kama fundi. Injini nyingi za zamani huku kwetu zinakufa kabla ya wakati wake juu mtu ameweka taiming, yaani wakati wa plagi kupiga moto, kwa sikio, alafu gari ikachukua barabara ya Nakuru kwenda Kisumu ambayo inapanda mpaka Mau Summit na kuteremka mpaka ziwani, na ikirudi na moshi mwenye gari anaambiwa eti ni uzee ama ni petroli mbaya. Mara nyingi si uzee na si petroli. Ni distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi moto, imekazwa mahali si pake.

Najua kuna msomaji atauliza, kwani nani bado ana gari ya distribyuta? Ni kweli gari ikiingizwa nchini siku hizi haifai kuwa imepitisha miaka minane, na hizo zote zina kompyuta inajipangia moto yenyewe, hakuna kitu cha kuzungusha na spana. Lakini toka tu uende Njoro, Molo, Rongai, utakuta Land Rover ya shamba bado inabeba maziwa, utakuta Pijo 504, pikapu za Datsun 1200, Corolla za zamani ambazo wenyewe hawawezi kuziuza ata uwape nini. Na kuna wachache, Nakuru na Kisumu pia, wana zile za Kimarekani zenyewe, Mustang, Camaro, Chevelle, V8 (silinda nane) ya kabureta. Hizo V8 ndizo nataka kuongelea zaidi juu ndizo zinaumizwa zaidi, na pia ukishaelewa taiming ya V8, hii ya silinda nne itakuwa kazi ya asubuhi moja.

Hizo gari zilitengenezwa kwa petroli ambayo haipo tena, na hapo ndipo shida inaanzia. Pontiac GTO ilitoka 1964 na injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, Mustang ikatoka Aprili mwaka huo huo, na ile Chevrolet 350 ambayo kila fundi wa V8 ameishika ilianza kwa Camaro ya 1967. Walikuwa wanashindana nani ana nguvu zaidi kwa hivyo kompreshoni (vile pistoni inabana mchanganyiko wa hewa na petroli) ikazidi kupanda, mpaka Chevelle ya 1970 yenye 454 LS6 ikafika 11.25 kwa 1. Mwaka wa 1971 General Motors wenyewe wakaishusha juu petroli isiyo na risasi (lead) ilikuwa inakuja. Ile risasi ndani ya petroli ndiyo ilikuwa inapandisha oktani, inazuia mafuta yasijilipukie yenyewe kabla ya wakati, na sisi Kenya pamoja na nchi zingine za kusini mwa Sahara tuliachana nayo mwanzo wa 2006. Ilikuwa sumu kwa watoto, ilifaa kuondoka, sina ubishi hapo. Lakini fundi akifungua kitabu cha 1969 achukue nambari ya taiming jinsi ilivyo, anachukua nambari ya petroli ambayo hakuna stesheni inauza.

Wacha nieleze taiming ni nini hasa, juu nimeona ata mafundi wazuri wanaifanya bila kuelewa. Plagi haipigi moto wakati pistoni imefika juu kabisa. Inapiga mapema, pistoni bado inapanda, juu mchanganyiko wa hewa na petroli unachukua muda kuwaka, na unataka ule msukumo mkubwa uje wakati pistoni imeshapita juu kidogo inaanza kushuka. Sasa fanya hesabu. Injini ikinguruma mizunguko 800 kwa dakika bila kukanyagwa, mzunguko mmoja wa krenki (ile shafti inazungushwa na pistoni) unachukua milisekunde 75, kwa hivyo ukipiga moto digrii 10 kabla ya juu umeupatia muda wa milisekunde 2 hivi. Kanyaga ifike mizunguko 3,000, mzunguko mmoja sasa ni milisekunde 20 tu, na ukitaka zile milisekunde 2 lazima upige moto digrii 36 mapema. Moto hauongezi haraka kama krenki inavyoongeza. Hiyo ndiyo sababu ndani ya distribyuta kuna vyuma viwili vidogo na springi mbili, vikizunguka kwa kasi vinatanuka na kusukuma taiming iende mbele. Alafu kuna lile kopo la vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) limeshikwa kando, hilo linaongeza zingine wakati unaendesha polepole kwa tambarare na mguu mwepesi, juu mchanganyiko ukiwa mwembamba unawaka taratibu zaidi. Ukikanyaga mpaka chini kupanda mlima vakyumu inapotea na kopo linaachilia, unabaki na vile vyuma peke yake. Kumbuka hiyo ya mlima juu nitairudia.

Sasa tazama vile inafanywa kwa gereji nyingi. Gari inangurumishwa, nati ya distribyuta inalegezwa, fundi anazungusha huku amekaza sikio, injini inapanda sauti, anarudisha kidogo, anajaribu stata kama inashika, anakaza, mwenye gari analipa. Amepima nini? Amepima injini ikiwa imesimama bila mzigo kwa mizunguko 800. Hajui juu kule kwa 3,000 iko digrii ngapi. Vile vyuma vinaweza kuwa vimeshika kutu haviendi popote, ama springi imelegea na taiming yote inakuja mapema, ama distribyuta ilitolewa kwa injini nyingine ikaletwa na mpango wake mwingine kabisa wa kupeleka moto mbele. Sikio halikwambii hata kimoja. Alafu distribyuta inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hivyo ukisogeza digrii moja kwa mkono umesogeza mbili kwa krenki, na kusogeza kidogo tu ambako mkono hausikii ni digrii nne au tano za krenki. Injini nyingi za aina hii zinapenda taiming kuzidi kidogo zikiwa zinanguruma tu, sauti inakuwa tamu, ndio maana wanaotumia sikio karibu kila mara wanaipitisha.

Na kupitisha ndiko kunaua. Moto ukipigwa mapema sana, sehemu ya mchanganyiko iliyobaki mbali na plagi inabanwa na kupashwa joto mpaka inalipuka yenyewe kwa pamoja. Hapo unasikia ile sauti kama mtu anatikisa misumari ndani ya mkebe. Pijo utaisikia. V8 yenye ekzosti kubwa na madirisha yamefunguliwa unaweza usiisikie kabisa, unaendelea kukanyaga, na ndani pistoni inapigwa nyundo.

Kuna mzee mmoja hapa Nakuru ana Camaro ya 350. Aliipeleka kwa gereji fulani, ikawekwa taiming kwa sikio, na mtaani ilikuwa inavuta ajabu, alifurahi. Akaenda nayo harusi Kisumu. Kuteremka haikuwa na neno. Kurudi ndiyo ilikuwa kazi: jua la mchana, joto la Ahero, watu wanne ndani na mizigo, alafu pale baada ya Awasi barabara inaanza kupanda kwenda Kericho na yeye amekanyaga juu lori zimejaa mbele na anataka kupita. Alifika Nakuru na moshi wa buluu nyuma. Ikaletwa kwangu. Kitu cha kwanza nilitoa plagi zote nane nikazipanga kwa meza kulingana na silinda, na tatu kati yake kwa ile kauri nyeupe zilikuwa na vidoa vidogo vya rangi ya fedha. Hiyo ni aluminiamu. Ni pistoni yenyewe inamenyeka na kurukia plagi. Kabla nifungue hedi nikaweka taa ya taiming, ile inamulika alama ya puli ya mbele kila plagi namba moja ikipiga moto, nikaziba paipu ya vakyumu: digrii 20 ikinguruma, na nikikanyaga mpaka mwisho wa vile vyuma, 44. Hii injini na hedi zake za zamani inataka 34 mpaka 36 hivi. Kufungua, pistoni namba saba ilikuwa imekatika pale ringi ya juu inakaa, kipande kizima kimetoka.

Nikamwonyesha. Akaishika akaigeuza geuza mkononi, akaniuliza, "Na si ilikuwa inavuta vizuri, kijana wangu?" Nikamwambia ndio mzee, hapa Nakuru.

Hiyo "hapa Nakuru" ndiyo nataka isomwe vizuri. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, na hewa yake ina msukumo wa kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Kisumu iko mita 1,130 hivi, unapata kama asilimia 87. Hewa ikiwa nyepesi silinda inajaza kidogo, msukumo ndani ni mdogo, moto unawaka taratibu na hatari ya kujilipua inapungua, kwa hivyo Nakuru injini inaweza kubeba digrii mbili tatu zaidi ya kitabu na ikafurahi nazo. Timboroa ama Mau Summit ndiyo zaidi. Lakini gari ile ile ukiishusha ziwani silinda inajaza zaidi, na hewa yenyewe ni ya moto, na joto la hewa ni sababu nyingine kubwa ya kujilipua, alafu uipandishe Kericho na mguu chini wakati vakyumu haipo na ni zile digrii za vyuma zinafanya kazi. Kila kitu kibaya kinakutana kwa ile kilomita moja ya mlima. Gari ya kuishi Nakuru na gari ya kusafiri si taiming moja, na fundi hawezi kujua hiyo tofauti ni digrii ngapi kama hakupima ya kwanza.

Kuna hii nyingine ya mwinuko inapoteza watu sana, geji ya vakyumu. Vitabu vya Kimarekani vinasema injini nzima ikinguruma isome inchi 18 mpaka 20 za zebaki. Hivyo vitabu viliandikwa na mtu anayefikiria karibu na bahari. Kila futi 1,000 unazopanda geji inapoteza kama inchi moja, na Nakuru ni futi kama 6,000, kwa hivyo hapa injini nzima kabisa itasoma 12 mpaka 14. Nimeshaona injini nzuri ikifunguliwa hedi juu geji ilisoma 13 na fundi akaamua valvu zimeungua. Na lile kopo la vakyumu pia, kama liliundwa livute lote kwa inchi 15, hapa kwetu halitafika mwisho, utakosa digrii kadhaa kwa tambarare na utakunywa petroli bila kujua kwa nini. Dawa ni kutafuta kopo linalovuta mapema ama lile la kurekebishwa na ufunguo, si kuzungusha distribyuta yote kufidia.

Kuchelewesha pia si salama, wasije wengine wakaogopa hii barua wakarudisha taiming nyuma mpaka mwisho. Moto ukichelewa, petroli inamalizia kuwaka ikiwa inatoka kwa valvu, joto linaenda kwa ekzosti na kwa maji, gari inakuwa nzito, inachemka. Kisumu hii naiona sana, gari inachemka jioni kwa foleni ya Kondele, fundi anatoa thamostati, inachemka, anabadilisha redieta, inachemka, na hakuna mtu ameuliza taiming.

Sasa vile inafaa kufanywa. Anza na pointi (ile swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata umeme ndio plagi ipige), si taiming, juu ukigusa pointi baada ya taiming umeharibu yote mawili: uwazi wa pointi ukiongezeka zinafunguka mapema na taiming inaenda mbele, ukipungua inarudi nyuma. Kwa V8 za GM unatafuta dweli (digrii ambazo pointi zinakaa zimefungwa) ya 30, na zile distribyuta za Delco zenye kadirisha kando unaingiza ufunguo wa Allen wa 1/8 injini ikiwa inawaka na unasoma mita, ni kitu kizuri sana waliunda. Kama huna mita, weka uwazi wa inchi 0.016 kwa pointi zilizotumika na 0.019 kwa mpya. Pijo na Datsun zina nambari zao, soma kitabu cha gari.

Alafu usiamini alama ya puli. Hii narudia kwa kila kijana ninayefanya naye kazi. Ile puli ya mbele ya V8 si chuma kimoja, ina ringi ya nje imeshikwa na mpira katikati, na mpira wa miaka 50 umechoka, ringi inateleza, na ile alama ya sifuri inaenda nayo. Unaweka taiming ya kitabu sawasawa na umekosea digrii 10. Kuhakikisha toa waya ya betri, toa plagi zote, chukua plagi kuukuu uvunje kauri ndani ukaze bolti ndefu yenye kichwa laini, ufunge kwa shimo la plagi la silinda namba moja. Zungusha krenki kwa mkono na spana, polepole, mpaka pistoni iguse bolti isimame, weka alama kwa puli mkabala na sifuri ya kile kibati chenye digrii kilicho kando ya puli. Zungusha nyuma upande wa pili mpaka iguse tena, weka alama nyingine. Katikati kabisa ya hizo alama mbili ndio juu ya ukweli. Ikikutana na ile alama ya kiwanda, shukuru, ikikosa, futa ile ya kiwanda na utumie yako. Mikono ndiyo inazungusha, si stata, ukitumia stata utatoboa pistoni na bolti.

Ukishapata sifuri ya kweli, unataka alama ya digrii 36, na hapa huhitaji kununua chochote. Digrii 36 ni sehemu moja kwa kumi ya duara. Chukua futi ya fundi cherehani, pima mzunguko wa puli yote, gawanya kwa kumi. Puli ya inchi 8 ni milimita 638 kuzunguka, kwa hivyo pima karibu milimita 64 kutoka sifuri yako, kwa upande ule puli inaelekea ikizunguka, ndio hiyo alama iwe inatangulia kupita kwa kibati. Paka rangi nyeupe nyembamba, ile ya kufutia wino inashika vizuri.

Washa injini, iache ipate joto kabisa. Toa paipu ya vakyumu kwa distribyuta na uizibe na skrubu, usiiache wazi inavuta hewa. Unganisha taa kwa waya ya namba moja. Mwambie mtu akanyage polepole na wewe unamulika: utaona alama inatembea, inatembea, alafu kama kwa mizunguko 2,800 au 3,000 inasimama ata akiongeza. Hapo ndipo vyuma vimefika mwisho, na hapo ndipo unaweka 34 au 36, si kwa kunguruma. Ikiwa alama haitembei kabisa, ama inatembea inaruka ruka, acha taiming, fungua distribyuta kwanza usafishe, upake mafuta vile vyuma, uangalie springi na kama shafti inacheza. Chevrolet rota inazunguka kwa upande wa saa, kwa hivyo kupeleka taiming mbele unageuza distribyuta kinyume na saa, Ford V8 ni kinyume chake, na hiyo imechanganya wengi walioshika zote mbili wiki moja. Ukimaliza kaza nati, pima tena juu kukaza kunasogeza, alafu acha injini ingurume usome imekaa ngapi uiandike. Kama ni 36 juu na vyuma vinatoa 24, utapata 12 chini, na hiyo 12 ndiyo nambari yako ya kupima haraka siku nyingine.

Mwisho ni barabara. Gia kubwa, mlima, mguu chini, madirisha yamefungwa, redio imezimwa, sikio sasa lifanye kazi yake. Ukisikia misumari, rudisha digrii mbili, jaribu tena. Gari ya kusafiri Kisumu jaribu huko, si kwa mlima wa Sachangwan tu ambao hewa ni nyepesi na baridi. Mimi wateja wangu nawagongea alama mbili ndogo na patasi kwa shingo ya distribyuta, ya nyumbani na ya safari, na nawaandikia kwa karatasi chini ya boneti.

Kuhusu petroli nitasema kidogo tu. Nunua kwa stesheni inayouza sana, usinunue kwa jerikeni kando ya barabara. Mafuta taa yana oktani ya chini mno, kidogo tu kikichanganywa kinafanya injini ya kompreshoni kubwa ijilipue ata taiming ikiwa sawa. Serikali 2018 iliweka ushuru kwa mafuta taa kwa sababu ya huo mchezo wa kuchanganya, lakini mwenye V8 asitegemee ushuru kumlinda.

Mhariri, sehemu hii ya nchi si ya watu wasiojua injini. Joginder Singh alizaliwa Kericho 1932, akaanzia gereji kabla ya usukani, akashinda mbio za Safari Rally 1965 na Volvo, tena 1974 na 1976 na Mitsubishi. Pijo 504 ilishinda 1975. Hizo zote zilikuwa gari za distribyuta, na kuna mtu alikuwa anaziwekea taiming kwa taa, kwa nambari. Sasa vijana wanaotoka chuoni nawapata wanajua kusoma misimbo ya kompyuta vizuri kuliko mimi, na naheshimu hiyo, lakini ukimpa taa ya taiming anaishika kwa mashaka. Naomba vyuo vya ufundi vya kaunti, Nakuru na Kisumu na Kakamega, vitoe ata wiki mbili kwa pointi, dweli na taiming. Ile kompyuta inafanya kazi hii hii, inapeleka moto mbele na kurudisha nyuma kulingana na kasi na mzigo, na aliyeiona kwa macho yake na taa mkononi ataielewa kompyuta kwa urahisi.

Na kwako mwenye gari, taa ya taiming si kifaa cha mafundi peke yao, ya kawaida inauzwa kwa maduka ya vifaa vya gereji na itakaa miaka. Ukipeleka gari kwa fundi usiulize kama amemaliza taiming, muulize kwa mizunguko 3,000 imefika digrii ngapi na vakyumu ikiwa imezibwa. Akikupa nambari, iandike na tarehe. Akisema inasikika sawa, mwombe kwa heshima apime, na kama hana taa mpelekee yako.

Ombi langu la mwisho ni kwa gazeti lenyewe. Kurasa za magari zinaandika sana bei na modeli mpya. Tupeni mara moja moja nusu ukurasa wa ufundi kwa Kiswahili, na michoro, ile ya puli na alama zake kwa mfano, juu vitabu vyote vya hizi injini ni vya Kiingereza na fundi wengi wa jua kali wanajifunza kwa kuona. Mkihitaji mtu wa kuchora hiyo ya puli, niko tayari, bila malipo.

Ni mimi,
Fundi wa magari ya zamani,
Nakuru